Kutazama nyota miezi ya vuli ukiwa huku kwetu: mkeka, giza la mwezi na subira kidogo

Nianze na hili neno vuli maana ndo lilinipoteza. Ukifungua kamusi inakwambia vuli ni ule msimu wa Ulaya majani yanapukutika watu wanaanza kuvaa masweta, ila muulize mtu wa Tanga vuli ni nini, atakwambia ni mvua ndogo za kuanzia Oktoba hadi Desemba na kama hujaandaa shamba shauri yako. Sasa mi miaka kadhaa nyuma nilikutana na maelezo ya huko nje kwamba vuli ndo msimu mtamu wa kutazama nyota, nikabeba kiti cha plastiki mpaka ufukweni Kigamboni, mwezi wa kumi, nikamtafute Dubu Mkubwa, kundi la nyota la upande wa kaskazini, kama video ilivyoelekeza. Nikakaa toka saa mbili usiku mpaka saa tano. Dubu hayupo. Nikajua macho yangu ndo mabovu, kumbe ukiwa Dar jioni za Oktoba lile kundi lote liko chini ya upeo wa macho, hata uje na darubini ya mamilioni huioni hata nyota yake moja.

Kwa hiyo haya maelezo ni kwa mtu aliyeko huku, Tanzania, Kenya na majirani, kwa miezi ya Septemba mpaka Novemba. Saa nilizoandika nimezipigia hesabu ya Dodoma, ukiwa Dar au Mombasa toa kama robo saa tu, haibadilishi kitu. Na uzuri ni kwamba sisi tulioko karibu na ikweta tumependelewa, tunaona anga la kaskazini na la kusini kwa mkupuo mmoja, vitu ambavyo mtu wa Uingereza hatoviona maisha yake yote asipopanda ndege.

Giza kwanza, mengine baadaye

Watu wengi wanakosea hapa. Wanaenda kutazama nyota siku mwezi umejaa kwa sababu usiku unapendeza, halafu wanalalamika hawaoni kitu. Mwezi mpevu unafuta nyota karibu zote, unabaki na zile kali tu. Unachotaka ni giza la mwezi, na huhitaji programu yoyote ya simu kujua liko lini, kalenda ya Kiislamu inatosha kabisa kwa sababu inafuata mwezi wenyewe. Tarehe 14 na 15 mwezi umejaa, achana nazo. Kuanzia hapo mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ikifika tarehe 20 unatoka kwenye saa nne na nusu hivi na we umeshapata masaa mawili matatu ya giza safi jioni. Tarehe 25 mpaka mwandamo ndo karamu yenyewe, usiku karibu wote ni wako, na hata tarehe 3, 4 za mwezi mpya haina shida maana kile kipande chembamba kinazama mapema.

Kama huna kalenda muulize muuza dagaa. Sitanii. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, na taa inavuta dagaa vizuri kukiwa giza, mbalamwezi ikishakuwa kali wengi wanapumzika wanarekebisha nyavu. Ukiona dagaa wabichi wamejaa sokoni na bei imeshuka, angalia juu usiku huo.

Giza la pili ni la taa za watu. Dar, Nairobi, Mwanza katikati, utaona nyota chache za kuhesabu. Sio lazima uende mbugani, kilomita 30 au 40 nje ya mji mkubwa tofauti ni kubwa sana, muhimu mji ubaki nyuma ya mgongo wako, yaani kama unataka kutazama kusini basi mji uwe kaskazini yako. Ukishindwa kabisa kutoka, kuna ile siku umeme unakatika mtaa mzima. Wenzako wananung'unika wanatafuta mishumaa, we panda juu ya paa. Mara ya kwanza kuiona Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga wa galaksi yetu (Milky Way), nikiwa mjini ilikuwa siku ya namna hiyo, jirani akaniuliza huko juu natafuta nini, nikamwambia angalia mwenyewe, tukakaa wote mpaka umeme uliporudi, na uliporudi mtaa mzima ukashangilia kasoro sisi wawili.

Wapi na lini

Hapa ndo ile vuli ya kweli inaingia. Ukanda wa pwani na kaskazini, mvua za vuli zinaanza kwenye Oktoba, mawingu mengi, usiku mmoja safi usiku mitatu hovyo. Kanda ya kati, Dodoma na Singida, mvua kwa kawaida zinasubiri mpaka mwisho wa Novemba au Desemba, kwa hiyo Oktoba na Novemba anga liko wazi usiku baada ya usiku, na ndo maana mi likizo yangu naipangia miezi hiyo naenda zangu nyumbani Dodoma vijijini. Tatizo la huko ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, ukiangalia karibu na upeo wa macho kuna ukungu wa rangi ya kahawia unaokula nyota za chini. Ikinyesha ile mvua moja ya kupotea njia, toka usiku huo huo au unaofuata, vumbi limeoshwa, anga linakuwa jeusi mpaka linatisha.

Mtu wa pwani asikate tamaa. Septemba yote na wiki za mwanzo za Oktoba bado nzuri, na ndani ya vuli mvua inaweza kupiga alasiri halafu usiku kukawa kweupe. Pangani, Kilwa, Mafia, ufukwe unaotazama mbali na hoteli. Kenya walioko Nairobi wengi wanashuka upande wa Magadi, na wenye safari ndefu wanajua jangwa la Chalbi kule Marsabit, hamna taa.

Macho na vitu vya kubeba

Macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 gizani ndo yafunguke. Hapa sina mzaha kabisa, ukiangalia simu mara moja tu umeanza upya. Washa simu mwanga mdogo kabisa, weka ile hali ya rangi nyekundu kama programu yako inayo, na tochi ipake kioo chake rangi ya kucha nyekundu, mi nilimuomba dada yangu kichupa chake nikapaka mara mbili ikakauka, mpaka leo ndo tochi yangu. Mwanga mwekundu hauyasumbui sana macho yaliyozoea giza.

Kingine kuhusu macho: kitu hafifu usikikodolee moja kwa moja. Katikati ya jicho ndo panaona vizuri mchana lakini gizani ni kipofu, kwa hiyo angalia pembeni yake kidogo halafu kile kitu kinajitokeza chenyewe. Mara ya kwanza utahisi kama kiini macho.

Kubeba: mkeka, maana ukikaa kwenye kiti shingo itakuua. Shuka zito au blanketi, Dodoma Oktoba mchana unaungua jua lakini saa nane usiku meno yanagongana. Mafuta ya mbu. Chupa ya chai ya tangawizi. Viatu vya kufunika mguu sio ndala, nge wapo wa angani na wapo wa chini. Ukilaza mkeka mulika kwanza, piga piga majani kwa fimbo.

Halafu toa taarifa! Hili kwenye maelezo ya nje hulikuti. Mwaka ule wa kwanza kijijini nimelala zangu chali katikati ya shamba lililovunwa, saa saba usiku, nimejifunika shuka jeusi mpaka kidevuni, naona tochi nne zinakuja. Sungusungu. Jiweke kwenye nafasi yao, mtu kalala shambani peke yake usiku wa manane giza totoro anaangalia juu hasemi kitu, ama mwizi wa ng'ombe ama yule mwingine wa usiku ambaye hatumtaji. Nikasema shikamooni wazee, mi mtoto wa fulani, natazama nyota. Kimya. Mmoja akauliza, "Unazitazama zikupe nini?" Sikuwa na jibu la maana. Kilichoniokoa ni mzee mmoja alifuata kidole changu juu akasema si Kilimia hicho (kile kikundi kidogo cha nyota, Pleiades kwenye programu), akakaa chini kabisa kwenye mkeka wangu. Toka hapo kila nikienda napita kwanza kwa mjumbe namwambia usiku niko shamba la nyuma, na ikiwezekana nakuwa na mwenzangu. Karibu na hifadhi za wanyama usithubutu kabisa kutoka peke yako, kaa uani.

Jioni: kuanzia saa moja na nusu

Huku kwetu jua likizama giza halichelewi, Oktoba jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu na ikifika saa moja na nusu pameshakamilika. Tuseme ni tarehe 10 Oktoba, saa mbili usiku, umelala miguu ikielekea magharibi.

Kusini magharibi, usawa wa theluthi ya njia kutoka chini kwenda juu, kuna nyota nyekundu nyekundu. Huyo ni moyo wa Nge, kwenye programu za nyota za simu ameandikwa Antares. Nge anazama kichwa chini, mkia uko juu upande wa kushoto umejikunja kama ndoano, na hili kundi ndo napenda kumwanzisha nalo mtu mgeni kwa sababu halihitaji maelezo, unaliona kweli ni nge. Juu yake kidogo kuna nyota nane zimekaa kama birika la chai lililoinamishwa, na upande wa mdomo wa birika ndo Njia Nyeupe inapokuwa nene kuliko kote, kwa sababu huko ndo katikati ya galaksi yetu. Ifuate Njia Nyeupe kwa macho, inapanda kutoka hapo, inapita karibu juu ya kichwa chako, inashuka kaskazini. Utaona katikati yake kuna mapande meusi kama imechanika. Sio matundu, ni mawingu ya vumbi yaliyoziba nyota za nyuma yake. Fanya haraka kidogo na hapa maana saa tano na nusu sehemu yote ile nene imeshazama, na ikifika Novemba inawahi kuzama zaidi.

Karibu na utosi, kwa kaskazini kidogo, kuna Altair. Nuru yake inachukua miaka 17 kufika hapa, yaani mwanga unaouona leo uliondoka kule wakati kijana wa kidato cha nne au cha tano anazaliwa. Chini yake upande wa kaskazini magharibi Vega, kaskazini kabisa Deneb, hizo tatu zinachora pembetatu kubwa. Ukiangalia majina haya utagundua Mswahili hajaachwa nyuma, mengi yametoka Kiarabu na ukiyasikiliza yanaongea na wewe: Altair ni tai anayeruka, Deneb ni mkia, ile nyota ya peke yake kusini mashariki inaitwa Fomalhaut ambayo ni mdomo wa samaki, na chini zaidi kusini inayochomoza ni Achernar, aheri ya mto, mto umeishia hapo.

Ukiona kitu kinang'aa sana na hakimetimeti, kimetulia tu, hiyo ni sayari sio nyota. Zuhura inakuwa jioni magharibi au alfajiri mashariki, haipatikani usiku wa manane. Mshtarii (Jupiter) na Zohali (Saturn) zinahama kundi mwaka hadi mwaka kwa hiyo hizi mwachie programu ikuoneshe, ila Zohali ukiipata kwenye darubini ya mtu, hata ndogo, usikubali kuondoka hujachungulia. Mwaka 2025 pete zake zilikuwa zimetugeukia ubavu zikaonekana kama uzi tu, kuanzia hapo zinafunguka taratibu miaka inavyokwenda.

Na kile kitu kinachotembea taratibu bila kuwaka na kuzima ni setelaiti. Kikiwaka na kuzima ni ndege. Zikiwa nyingi zimefuatana mstari kama behewa usipige simu redioni, ni zile setelaiti za intaneti za Starlink ndo kwanza zimerushwa.

Kilimia

Huyu anastahili sehemu yake. Tarehe za mwanzo za Oktoba kinachomoza kwenye saa nne kasoro usiku, kaskazini mashariki, kama kichana kidogo cha ndizi cha mwanga. Kila siku nyota zinawahi dakika 4, kila mwezi masaa mawili (hii kanuni ishike, itakusaidia kwa kila kitu humu), kwa hiyo katikati ya Novemba Kilimia kinatoka saa moja jioni na kinakesha na wewe mpaka asubuhi.

Hesabu nyota zake. Wengi wanaona sita, wenye macho makali saba na kuendelea, mi bila miwani naona wingu tu, na miwani naona sita na ya saba naidai. Ukiwa na darubini ya macho mawili zinakuwa makumi, na hicho kitakuwa kitu cha kwanza kitakachokufanya useme neno kwa sauti peke yako gizani.

Jina lenyewe ni kulima hilo. Na kuna ule msemo wa zamani, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, nilikuwa nausikia kama fumbo tu mpaka nilipoanza kukifuatilia mwenyewe. Mwezi wa tano Kilimia kinapotelea kwenye mwanga wa jua, na mwezi wa tano pwani ni masika, kimezama kwa mvua. Kinarudi kuonekana alfajiri mwezi wa sita, kipupwe kimeingia, kimezuka kwa jua. Watu walishaandika kalenda wakaiweka kwenye sentensi moja. Yule mzee wa sungusungu aliniambia hivi: kikiwa pale jioni, akaonesha juu ya mbuyu wa upande wa mashariki, majembe yawe yameshapigwa makali. Kwa Dodoma pale juu ya mbuyu ni mwisho wa Novemba. Sikuwa na la kuongeza.

Galaksi tatu kwa mkao mmoja

Sasa hii ndo sababu hasa nimeandika. Katikati ya Novemba saa tano na nusu usiku, au Oktoba mwanzoni saa nane usiku kwa wenye moyo, unaweza kukaa sehemu moja na kwa macho matupu ukaona galaksi tatu ambazo sio yetu. Mtu wa Ulaya anaona moja tu, zile mbili ziko chini ya ardhi kwake. Mtu wa kusini kabisa mwa Afrika anazo mbili ziko juu vizuri ila ile ya kaskazini inambania iko chini sana. Sisi tunazo zote.

Anza na ya kaskazini, Andromeda. Geukia kaskazini, tafuta mraba mkubwa wa nyota nne, ndani yake patupu, ni mwili wa Farasi mwenye mabawa, kwenye programu Pegasus. Usiku wa saa tano utakuwa umeinamia kushoto, kwa mara ya kwanza mtafute mapema, Novemba saa tatu usiku yuko sawa sawa. Na hapa tena maelezo ya nje yatakuvuruga kwa sababu kwao mraba uko kichwani na wao wanatazama kusini, kwetu umepinduka. We fanya hivi: shika kona ya chini kulia. Kutoka hapo nenda kulia ukishuka kidogo, pita nyota moja, simama kwenye ya pili yenye rangi ya chungwa kwa mbali, hiyo ni Mirach. Hapo kata chini kushoto, kuna nyota ndogo, halafu nyingine ndogo zaidi. Pembeni ya hiyo ya mwisho kuna kidoa cha ukungu, kirefu kidogo kama alama ya kidole kwenye kioo. Usikikodolee, angalia pembeni.

Hicho kidoa kiko miaka milioni 2.5 ya nuru. Mwanga unaogonga jicho lako ulianza safari kabla hata wale watu wa kale wa Olduvai hawajaanza kuchonga mawe yao. Mi mara ya kwanza ilinichukua siku tatu kukipata, siku ya tatu nilikipata nikiwa nimeshakata tamaa nainuka kukunja mkeka.

Zile mbili nyingine ni rahisi, geuka tu kusini. Mawingu mawili ya Magellan, yanaonekana kama vipande vya Njia Nyeupe vilivyokatika vikapotea njia, kimoja kikubwa kushoto na kimoja kidogo kulia, vyote viko chini chini, kama ngumi mbili juu ya upeo wa macho ukinyoosha mkono, kwa hiyo upande wa kusini kusiwe na mlima wala mwembe. Hapo ndo vumbi la Dodoma linaudhi. Watu wengi wanayaona wanadhani mawingu ya kweli, jaribio ni dogo tu, subiri nusu saa, wingu la mvua litakuwa limehama limebadilika umbo, haya hayabadiliki umbo. Kubwa liko miaka 160,000 ya nuru, dogo kama 200,000. Jina ni la yule nahodha Mreno aliyeanza safari ya kuzunguka dunia mwaka 1519, ingawa mabaharia wa bahari yetu walikuwa wanapita chini ya anga hilo hilo karne nyingi kabla yake.

Na ukiwa umeshageukia kusini, nyota kali inayong'aa upande wa kusini mashariki ni Suheli, Canopus kwenye programu, ya pili kwa mng'ao usiku kote. Manahodha wa majahazi waliitumia kujua kusini, na ndugu zetu wa Oman na Ghuba mpaka leo wakiiona alfajiri mwishoni mwa Agosti wanajua joto kali linaanza kuaga. Usihangaike kutafuta nyota ya kaskazini, Tanzania haionekani, iko chini ya upeo, labda uwe kaskazini mwa Kenya na hata huko iko chini mno kwenye vumbi.

Jabari, yaani Orion, anachomoza kwenye saa tatu usiku katikati ya Novemba. Kwetu anatoka amelala ubavu. Zile nyota tatu za mkanda zinapanda moja juu ya nyingine kama watu kwenye ngazi, na ya kwanza kutoka inachomoza mashariki kamili, ukiwa umepotea kijijini hiyo ni dira ya bure.

Vimondo

Oktoba kwenye tarehe 21 kuna mvua ya vimondo vinavyotokea upande wa Jabari, mabaki ya nyota mkia ya Halley, ile iliyopita 1986 na itarudi 2061. Usitegemee fataki, mahali penye giza kweli ni kama 20 kwa saa, na ni baada ya saa nane usiku ndo wanachangamka kwa sababu hapo upande wetu wa dunia unakuwa mbele unavipiga kifua. Novemba tarehe 17 kuna vya Simba, miaka mingi ni vichache ila 1833 na 1966 vilimwagika mpaka watu wakachanganyikiwa. Hapa darubini haina kazi, lala chali tu tazama eneo kubwa. Na vingi unavyoona ni punje ndogo kama mchanga, sio jiwe. Ukitaka jiwe lipo Mbozi mkoani Songwe, linakadiriwa tani 16, mchana unaliona bila mkeka.

Kuhusu kununua darubini

Usinunue. Angalau sio mwaka wa kwanza. Zile za dukani zimeandikwa zinakuza mara 525 ni za kukuliza, miguu inatetemeka ukipumua picha inaruka, mi ninayo moja iko juu ya kabati imekuwa kiota cha mjusi. Kama una hela kidogo tafuta darubini ya macho mawili, hata ya mtumba, iandikwe 7x50 au 10x50, namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili upana wa kioo kwa milimita, na hiyo ya pili ndo inayokusanya mwanga. Egemeza viwiko kwenye magoti au lala uiweke juu ya mashavu, mikono itatulia.

Simu inapiga picha nzuri siku hizi kama ina hali ya usiku, iegemeze kwenye mawe mawili, weka ihesabu sekunde 10 ndo ipige ili kidole chako kisiitikise, halafu ifunike chini chini usitazame matokeo mpaka umalize kutazama. Programu nzuri ya bure ni Stellarium, ipakue ukiwa na bando mjini kabla hujaenda kijijini.

Ukikesha Novemba, usiondoke kabla ya saa kumi na nusu alfajiri. Geukia kusini mashariki, chini chini, Msalaba wa Kusini unakuwa umeshachomoza, bado umelala ubavu, mguu kulia kichwa kushoto. Hapo umebakiwa nao kama nusu saa tu kabla ya mwanga wa alfajiri. Adhana ikianza bado unauona, ukimaliza kukunja mkeka umeshafutika.